Ukuta wa Mashini ya Unga

Katika vitabu kama hiki watu wanaandikaka juu ya ngoma, juu ya mahari, juu ya matanga na majina ya mapacha. Ni vizuri, na sisi tunayasoma kwa furaha. Lakini safari hii tunawaletea ukuta. Si ukuta wa kanisa wala wa nyumba ya mkubwa fulani. Ni ukuta wa mashini ya kusaga mahindi, katika komini ya Kenya, hapa kwetu Lubumbashi, fasi ambapo wamama na watoto wanapanga mstari asubuhi na mabeseni yao wakingoja unga wa bukari. Mwenye kuuliza kama ukuta wa mashini unaingia mu mambo ya desturi, tunamwomba asome kwanza, kisha atuhukumu.

Sisi ni watu wanne wenye kuchora. Hakuna kati yetu anayekula kwa pinso peke yake: mmoja anafundisha, mmoja anatengeneza simu, wawili wako na meza yao sokoni. Siku ya Jumapili, kisha kanisa, tunatembea mji kwa miguu tukiangalia kuta. Mwanzoni watu walituona kama wajinga. Mama mmoja wa Kamalondo alitufuata mpaka kwenye kona, akauliza: "Bana bangu, muko natafuta nini pa ukuta yangu? Njo bintu ya kodi?" Tulipomwambia kwamba tunaangalia rangi tu, alicheka sana, akaita wengine waje kucheka pamoja naye.

Sababu ya kuanza ni hii. Kwa miaka mingi tulichora vile vitu ambavyo kila mtu anachora kwa kuuzia wageni: mtumbwi juu ya mto wakati wa jioni, mitende, tembo, bibi mwenye chungu kichwani. Hakuna hata mmoja wetu aliyepanda mtumbwi ule. Tembo tulimwona katika kitabu. Mkono ulijua kazi yake, lakini jicho lilikuwa limelala. Siku moja ya mwezi wa nane, wakati wa vumbi, mmoja wetu alitumwa na mke wake kusagisha mahindi. Mstari ulikuwa mrefu, umeme ukakatika, akakaa ng'ambo ya njia akiangalia ukuta wa mashini kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kuangalia. Alirudi nyumbani na mahindi yake yale yale, na maneno aliyoyapata kwa mke wake hatutayaandika hapa. Lakini kesho yake alituleta sisi wote mbele ya ukuta ule.

Ukuta unatazama kaskazini. Katika mji wetu, ulio kusini ya ikweta, jua la wakati wa ukavu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa namna ile unachomwa tangu asubuhi mpaka jioni. Nyekundu ndiyo inakufa kwanza. Inakuwa kama ufizi wa mtoto, kisha inakuwa kama maji yaliyooshwa nyama. Bluu inakawia kidogo. Nyeusi haifi: hata rangi zote zikianguka, mstari mweusi unabaki umesimama peke yake, sawa mfupa. Upande wa chini, kutoka mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine, matone ya mvua yanarusha udongo wetu mwekundu juu ya ukuta mpaka kimo cha goti, mwaka kwa mwaka, na udongo ule haukubali kuoshwa. Pale kwenye mlango, migongo ya watu wenye kungoja imesugua sima mpaka inang'aa. Na juu ya yote kuna unga, ule mweupe mwembamba unaotoka katika madirisha ya mashini, unashika fasi ambapo rangi imepasuka na kuonyesha kila ufa.

Kwa juu kulikuwa mama mwenye beseni kichwani. Tunasema kulikuwa, sababu sura ilikuwa imekwisha kuanguka. Vilibaki kitambaa cha kichwa, meno meupe, jicho moja, na mkono wa kushoto ulioshika beseni. Kando yake neno MOULIN, lenye kivuli kwa kila herufi. Lakini chini ya neno lile, fasi ambapo rangi ya juu ilikuwa imefunguka sawa ganda la yai, tulisoma SHABA. Na chini ya SHABA, kwa herufi kubwa nyembamba za namna ya zamani, THVILLE.

Wasomaji wetu hawana lazima ya kufasiriwa. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Nchi ilipokuwa Zaire, tangu 1971, Katanga nayo ikageuzwa Shaba. Mwaka 1997 Zaire ikawa tena Kongo na Shaba ikawa tena Katanga, na mwaka 2015 Katanga ikakatwa majimbo manne, ndiyo maana leo tuko wakaaji wa Haut-Katanga. Kila mara jina lilipobadilika, mtu fulani alipanda ngazi na kopo la rangi. Yule aliyefuta SHABA alikuwa na haraka, ao rangi yake ilikuwa kidogo, akaongeza maji. Serikali inabadilisha jina kwa siku moja. Ukuta ule ulikuwa bado unayatamka yote kwa pamoja. Sisi tuliokuwa watoto wakati wa Zaire, tulioimba Shaba shuleni na kuandika Katanga kwenye barua za kuomba kazi, tulisimama pale kama mtu aliyekuta albumu ya jamaa yake mikononi mwa mpita njia.

Kisha siku ile tulianza kusoma kuta zote. Tunadhani hakuna gazeti linalosema habari za mji huu kama kuta zake. Kuna salo ya nywele ambayo mchoraji alianza neno COIFFURE kwa herufi kubwa za kujivuna, fasi ikakwisha, RE ikabanwa kwenye kona sawa abiria wa mwisho mu basi. Kuna "Défense d'uriner ici" yenye bei ya faini, na bei ile imefutwa na kuandikwa upya mara nyingi kufuatana na thamani ya feza, mpaka fasi ile ya ukuta imekuwa nene kama kidole. Na kuna yale maandishi ambayo kila mkaaji wa Kongo anayajua: "Parcelle hii haiuzishwe." Mgeni anaweza kucheka, kwani nani anaandikaka kwenye nyumba yake kwamba haiuzi? Sisi hatucheki. Tunajua kwamba nyuma ya maneno yale kuna baba aliyekufa, ndugu wasiopatana, karatasi mbili za lupangu moja zenye mihuri miwili. Tuliona ukuta mmoja, komini hatutaitaja, ulioandikwa kwa chokaa "Lupangu hii haiuzishwe", ikafutwa, ikaandikwa tena kwa Kifaransa na rangi ya mafuta, na juu yake, kwa makala, mkono mwingine ukaweka: "Iliisha kuuzishwa." Unaweza kusoma kesi nzima bila kuingia mu tribunali.

Tulifikiri kwanza kupiga picha. Ilitushinda upesi. Ukitoa mashini ya picha barabarani, katika dakika kumi kuna mtu anayekuuliza karatasi za ruhusa. Ndipo tulipochukua karatasi nyembamba na makala ya jikoni, tukaiweka karatasi juu ya ukuta na kusugua polepole kwa ubavu wa kala. Herufi ya zamani inatoka yenyewe. Ni jambo la kushangaza kwa mtu asiyelijua: hata fasi ambapo jicho halioni kitu, rangi ya mafuta iliyopakwa miaka mingi imebaki imeinuka kidogo, na makala inaikuta. H ya Élisabethville ilitoka mbele yetu namna ile, chini ya tabaka mbili, nzima, na mguu wake mmoja mnene kuliko mwingine.

Mzee mmoja Muluba aliyetuona tukifanya vile alituambia kwamba tunasoma kwa vidole, sawa wakubwa. Alikuwa na maana ya lukasa, ule ubao wa kushikwa mkononi, uliopigiliwa shanga na simbi, ambao wenye kumbukumbu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kuugusa, wakisimulia wafalme na safari na makatazo. Ushanga mmoja uliweza kuleta maneno haya leo na maneno mengine kesho, kufuatana na mwenye kusoma na wenye kusikiliza. Hatutaki kujipandisha. Ukuta wa mashini si lukasa, na sisi hatukuingizwa mu Mbudye yoyote. Lakini maneno ya mzee yule yalituondoa wasiwasi kwamba tunafanya mambo ya Bulaya.

Wenye kufikiri kwamba sanaa ya picha ilikuja kwetu ndani ya sanduku la muzungu, wakumbuke Bukama. Mwaka 1926 Georges Thiry, Mbelgiji mfanyakazi wa serikali ya koloni, aliona nyumba za udongo zilizochorwa kwa nje. Mchoraji alikuwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za tembo. Mke wake Antoinette naye alichora. Thiry aliwapa karatasi na rangi za maji, na mwaka 1929 picha zile zikaonyeshwa Bruseli. Kuta zenyewe zilikwisha na mvua. Kwa hiyo kazi ilianzia ukutani, karatasi ikafuata. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa mjini shule yake, ile watu waliyoiita Hangar, ambamo walitoka Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, na Bela aliyechora kwa ncha za vidole pasipo pinso. Kisha wakaja wachoraji wa cité, wenye kuchora kwa ajili ya salo za majirani zao, si kwa ajili ya wageni. Kati yao Tshibumba Kanda-Matulu, ambaye katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea mwalimu Johannes Fabian historia ya nchi yote kwa picha 101. Walichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, wakaandika maneno ndani ya picha sawa vile yanavyoandikwa ukutani. Picha ya namna ile iliitwa ukumbusho: mtu anaitundika kwake, anaiangalia, na maneno yanaanza kutoka kinywani. Hata Chéri Samba, yule wa Kinshasa anayejulikana dunia nzima, alianza kwa kuandika vibao vya biashara. Na katika siku zetu Sammy Baloji, mtoto wa mji huu, katika picha zake za "Mémoire" za mwaka 2006 aliweka watu wa picha za zamani za koloni mbele ya mashini zilizoshikwa kutu za Gécamines. Tunataja majina haya ili ijulikane kwamba njia ilikuwepo mbele yetu.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya kuandika.

Tulitumia karibu mwaka mzima kwenye ukuta wa mashini. Tulinunua mifuko ya unga, tukaifua, tukaishona, tukapaka sima ya maji na gundi, kisha rangi juu ya rangi, kisha tukakwangua. Tulichora mama bila sura, na meno yake, na SHABA na THVILLE. Tulijua kwamba ni kazi bora kupita zote tulizofanya. Tulipata sala ndogo ya kuonyesha. Watu walikuja wengi kuliko tulivyongoja, na mgeni mmoja akanunua turubai kubwa kwa dola 150. Usiku ule tulikula kuku.

Siku ya tatu alikuja mzee mmoja na fimbo. Alivua kofia mlangoni, akapita picha zote, akasimama mbele ya ile ya pili ya mama, ndogo kuliko iliyouzwa. Alisimama muda mrefu, tukafikiri amependezwa.

"Nani alichora hii?"

"Ni siye, Papa."

"Hapana. Hii mama, ni miye nilimuchora. Mu mwaka wa sabini na sita. Balinilipa mufuko moja ya unga na makuta kidogo."

Tulimletea kiti. Alikataa kuikalia.

"Nilimutia sura muzuri. Nilimutia mafuta pa mashavu, juu bantu baone asema ku hii mashini, unga inashibisha. Nyiye munamuleta hapa bila sura, na bantu banapiga makofi. Bana bangu, munapenda kidonda. Mwenye kidonda, hamumujue."

Alivaa kofia yake akatoka. Hatukupata la kujibu, hata yule wetu anayefundisha, ambaye kwa kawaida hakosi maneno.

Usiku ule tuligombana. Mmoja alisema mzee ana haki, tumekula jasho lake pamoja na kuku. Mwingine alisema jua na mvua ni wachoraji nao, na hakuna mtu aliye baba wa jua. Mzee alichora mama mnono, lakini yule mama asiye na sura ni kazi ya miaka, na sisi tu ndio tulimwona. Wa tatu akauliza: je, kama mzee angekuwa na feza ya kupaka upya kila mwaka, sisi tungechora nini? Hapo tulinyamaza. Kwa kweli uzuri ule tulioupenda ulikuwa vilevile hesabu ya miaka ambayo hakuna aliyekuwa na feza ya rangi. Kila ufa ulikuwa mwaka wa njaa. Tulikuwa tunalijua jambo hilo, kwani sisi wenyewe tulikula miaka ile, lakini tulikuwa tumeligeuza kuwa rangi ya kijivu na rangi ya waridi.

Tulimtafuta. Haikuwa vigumu, wachoraji wa vibao wanajuana, wale wachache waliobaki tangu mabashe ya plastiki yalipokuja, yale yanayotoka mu mashini kwa saa moja na picha ya mama wa nchi nyingine. Tulimkuta ameketi chini ya mwembe akitengeneza kitanda. Tulimpelekea dola 75, nusu ya bei, katika bahasha, kwa mikono miwili. Hakuifungua.

"Hiyo ukuta, mwenyeji anataka kuipaka," akasema. "Munajua?"

Hatukujua. Kampuni moja ya simu ilikuwa imemwendea mama mwenye mashini na kumwambia itampakia ukuta wote bure, kwa rangi ya kampuni, na namba na picha ya kampuni. Mama alikuwa anafikiri. Ukuta bure ni ukuta bure.

"Mukamuambie mama, asema tutaupaka siye. Iyo feza, muuzie rangi. Nitamurudisha sura yake."

Wasomaji watatusamehe: jambo la kwanza lililoingia vichwani mwetu halikuwa furaha. Tuliona H ile, na SHABA, na mfupa mweusi wa mkono wa kushoto, vyote vikianguka chini. Tulimsimulia habari ya Lubaki, kwamba kazi yake inajulikana leo kwa sababu haikubaki peke yake ukutani. Tulitumaini ataona huruma kwa ukuta. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza Lubaki alikuwa mutu wa wapi, akafurahi kusikia Bukama, kwani mama yake alitoka upande ule.

"Mama yangu alikuwa anapakaka nyumba kila mwaka, kisha mavuno," akasema. "Pemba, na bulongo bwekundu, na majivu. Mvula inakuya, inaosha. Mwaka ingine, anapaka. Hata siku moja sikumuonaka anasikitika juu ya ile ya zamani. Ukuta yenye kuanguka, bantu balikuwa banasema: humu mulikufa mutu." Kisha akatuangalia mmoja mmoja. "Ile ya zamani, muweke pa karatasi. Njo kazi yenu. Ukuta, muniachie."

Mama mwenye mashini alikubali kwa sharti moja: kazi ikwishe Jumamosi na Jumapili, asipoteze wateja.

Siku ya Ijumaa usiku tulisugua ukuta wote, kutoka juu mpaka chini, kwa taa za simu. Karatasi 38. Asubuhi mzee alikuja na ukwanguo, brashi ya waya, karatasi ya msasa, na kamba iliyofungwa kwenye kidonge cha makala. Kabla ya yote alituonyesha sababu ya ukuta kuanguka. Chini kabisa kulikuwa chokaa, na juu ya chokaa watu walikuwa wamepaka rangi ya mafuta moja kwa moja. "Chokaa na mafuta, habipatane. Chokaa inakula mafuta." Wakati wake alijua ya kwamba ni lazima kukwangua chokaa kwanza, lakini kwa mufuko mmoja wa unga hakukwangua. Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja deni la kale. Sisi tulikuwa tumeandika, katika karatasi iliyotundikwa kwenye maonyesho, maneno mazuri juu ya "mpasuko wa wakati". Ilikuwa chokaa.

Akaanza kukwangua. MOULIN ikaanguka kwa vipande vikubwa. SHABA ikafuata. Alipofika kwenye THVILLE aliinua ukwanguo, akapitisha kidole gumba juu ya ile H yenye mguu mnene, akamtaja aliyeiandika: mtu aliyemfundisha kushika pinso, ambaye alikuwa anaanza kila neno katikati, herufi ya katikati kwanza, halafu anaenda kushoto na kulia, ndiyo maana neno lake halikubanwa kwenye kona hata siku moja. Mguu mnene ulikuwa alama yake, fundi hakutia sahihi wakati ule. Tulifikiri ataiacha. Alikwangua vile vile, kwa nguvu ile ile, mpaka sima ikaonekana.

Hayo yote tuliyafuata kwa mikono yetu: kupiga mstari kwa kuvuta kamba yenye makala na kuiachilia ighonge ukuta mara moja, kuhesabu herufi kabla ya kuandika, kuweka kivuli chini na kulia, siku zote kulia, hata jua likiwa kulia. Tulimuuliza sababu gani. "Juu muntu anasoma akitoka kushoto. Kivuli ikikuwa kushoto, anajikwaa." Kwa miaka yote tuliyosoma kuchora, hakuna aliyetufundisha neno hilo.

Jumapili kisha misa alichora mama. Alikataza mtu yeyote kumsaidia kwenye sura. Mkono wake ulikuwa unatetemeka njiani, ila ukifika kwenye ukuta unatulia. Alitia weusi, kisha kahawia, kisha wekundu kidogo chini ya macho, na mwisho nukta mbili nyeupe juu ya mashavu, ambazo kwa karibu hazina maana yoyote, na ukivuka njia mama anakuangalia akiwa amepakwa mafuta, ametoka kula. Watoto walipiga kelele. Chini, kwenye kona, mzee aliandika jina lake kwa herufi ndogo, na kando yake akatuambia tuandike ya kwetu. Tulikataa. Akatuambia tena, kwa sauti ya mtu mkubwa. Tuliandika.

Turubai yetu ndogo ya mama bila sura bado tunayo. Mtu aliuliza bei tena, hatujaiuza. Hatujapatana kati yetu. Zile karatasi 38 ziko zimekunjwa juu ya kabati ya mmoja wetu, na mke wake anasema zinachafua nguo kwa makala. Vipande vilivyoanguka siku ile tulivikusanya katika kopo la maziwa. Ukivishika kwa ubavu, unaona tabaka kama keki: nyeupe, bluu, nyeupe, kijani, nyeupe, nyekundu. Kimoja kiko na sehemu ya jino la mama.

Mama mwenye mashini alitoka Jumatatu asubuhi, akavuka njia, akauangalia ukuta mikono kiunoni. Alisema ni kazi nzuri. Kisha akamwita mzee na kumuuliza kama hawezi kumuongezea yule mama mashavu kidogo.